Ukoko wa Mumunye

Manjulaben alinifunza kulijua mumunye kwa ukucha:
ukizama, bichi, nunua;
ukiteleza, limekomaa, mrudishie mwenyewe
kabla hajaanza kukuapia.
Kwao huliita dudhi. Mwanangu akasikia "dudu",
akakataa kulionja mwaka mzima.

Leo ametimiza sabini na tisa, yuko ghorofa ya juu,
magoti hayamshushi tena ngazi hizi za Kibokoni.
Nikasema, basi leo zamu yangu.

Asubuhi, Marikiti. Mumunye moja, shingo ya bata.
Karoti mbili, kwa rangi tu.
Lozi nilihesabiwa kama vidonge vya hospitali,
korosho nikachukua zilizovunjika
(mdomoni nani atazijua?).
Zafarani ni yake mwenyewe: nyuzi sita
ndani ya kikaratasi, alinipa Idi iliyopita,
nikaziweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Menya. Pasua. Toa mbegu na ule moyo wa sufi.
Kwaruza, uchunge vidole.
Kamua. Ukidhani yamekwisha maji, kamua tena.
Kaanga kwa samli, pole pole,
mpaka harufu ya shamba itoke, ya nyumba iingie.

Maziwa lita mbili, moto mdogo, mwiko usiondoke.
Hapa ndipo mtu hujulikana.
Maziwa hukuvizia mgongo;
geuka umjibu anayebisha hodi, yamepanda.
Nilikoroga saa nzima na nusu,
mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia,
hodi mbili sikuziitikia,
mpaka lita mbili zikawa moja,
rangi ya barua ya zamani.
Sukari mwisho. "Ukiitia mapema," husema Manjulaben,
"umeita ugomvi."

Saa nane bakuli limo frijini.
Saa nane na robo friji ikakoroma mara moja,
kama mtu anayegeukia ukuta, ikanyamaza.
Mtaa mzima: "Aaah!" Stima imekwenda.

Na Machi hii, Mombasa hii,
ambapo hata kivuli kinatoka jasho!
Nikashuka mbio kwa Shekuwe na kasha lake la barafu.
"Niwekee hili, ndugu yangu." Akanichimbia shimo
kati ya changu na tafi,
akalizika bakuli mpaka shingoni.
Sikufikiri. Nilifikiri baridi tu.

Magharibi likatoka, baridi ya kuuma jino.
Nikafunua, nikanyunyiza lozi, nikafunika.
Na pale juu ya kifuniko
gamba moja la samaki, linang'aa
kama ukucha wa mtoto mchanga.

Manjulaben hali nyama. Hali yai.
Kitunguu hakijawahi kuvuka kizingiti chake.

Lile gamba ningelifuta kwa upindo wa leso.
Nani angejua? Mimi, Shekuwe, na yule changu.
Ngazi ishirini na mbili;
nililifuta kila ngazi,
na kila ngazi nikalikuta.

Nikamwambia.

Akanyamaza kitambo, anaitazama mikono yangu,
si bakuli.
"Wape watoto wa chini," akasema.
Kisha: "Sufuria umeiosha?"

Sijaiosha. Mfereji nao ulikuwa mkavu tangu jana.

"Ilete."

Akaipakata kama mjukuu,
mshumaa kando, kijiko cha chai mkononi,
akaanza kuukwangua ukoko: kra, kra,
ule wa chini, wa hudhurungi, ulioshika,
ambao haujaona friji wala barafu wala samaki.
Chini watoto wanapigania zafarani yake.
Hakusema tamu. Hakusema asante.
Alikiramba kijiko, akakipindua,
akauramba mgongo wake.

"Iliki," akasema, "imezidi."

Akaigeuza sufuria, akaanza upande wa pili.